Bakuli la zambarau la dola 6: la miaka ya 1880, limepigwa jua, au limepikwa juzi?

#1 Kabati_la_Bibi
Wakuu, habari za jioni. Niko Columbus, Ohio, na ugonjwa wangu mnaujua: vyombo vya kioo vya zamani vya Kimarekani, vile vya kukandamizwa kwenye kalibu. Jumamosi nimeokota bakuli lenye mguu kwenye mnada wa vitu vya marehemu. Dola 6, limetupwa boksi moja na vifuniko vya sufuria.

Rangi ni zambarau, lakini nyepesi, kama juisi ya rosella iliyozidishwa maji. Mwili mzima una vijinyota vimebanana, na katikati yake vitufe vya pembe nane. Muundo huu hapa wanauita Daisy and Button. Mwenye mnada ameapa ni la miaka ya 1880 na kwamba jua ndilo lililolitia rangi.

Niliyoyaona: ndani ni laini kabisa, nakshi zote ziko nje. Mishono mitatu ya kalibu inapanda kutoka mguuni na kukatika kabla ya kufika ukingoni. Chini ya mguu kuna mikwaruzo inayokwenda kila upande. Nembo hakuna. Nikiligonga kwa kucha linasema "ta", haliimbi. Nikilimulika kwa tochi ya UV, mguu unatoa kijani cha mbali sana, mwili hautoi kitu.

Maswali mawili. Rangi hii lilizaliwa nayo, limeipata juani, au kuna mjanja kalipika? Na kiwanda gani?

#2 Chongo_wa_Kijiji
Dola 6 za bakuli ambalo huwezi hata kuwekea ugali. Endeleeni, niko hapa na karanga zangu.

#3 Mwalimu_Kemia
Kabati, mwenye mnada hajatunga, ila hajamaliza.

Mchanga wa kutengenezea kioo huwa na chuma kidogo, na chuma ndicho kinachoacha ule ukijani wa chupa. Ili kuufuta, viwanda vilitia manganizi kidogo. Mafundi waliiita sabuni ya kioo. Chombo kinatoka cheupe, yaani hakina rangi, kinauzwa cheupe. Kikikaa juani miaka mingi, mionzi ya UV inaibadilisha ile manganizi na zambarau inajitokeza. Ndiyo maana chupa zinazookotwa kwenye majangwa ya magharibi ya Marekani huwa na rangi hiyo.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokata manganizi iliyokuwa ikitoka Ulaya, viwanda vingi vikahamia seleni. Kioo cha seleni kikipigwa jua huelekea rangi ya mabua makavu, si zambarau. Kwa hiyo kama zambarau hii ni ya jua, bakuli lako lina uwezekano mkubwa wa kuwa la kabla ya hapo. Sikusema 1880. Nimesema kabla ya hapo.

#4 Mama_Wheeling
Mwalimu umeeleza vizuri, lakini hapo kwenye "kama" ndipo watu wanapopigwa.

Daisy and Button ndiyo nakshi iliyonakiliwa kuliko karibu zote. Hobbs, Brockunier wa Wheeling, West Virginia, waliitoa miaka ya 1880 na wao waliiita Namba 101 tu. Jina la maua limekuja na wakusanyaji. Viwanda vingine vikadakia papo hapo kwa sababu ilikuwa inaiga nakshi ya kukatwa kwa mkono iliyoitwa Russian, ambayo matajiri waliigharamia sana. Halafu karne ya 20 ikaja na nakala: Fenton walitengeneza, L.G. Wright waliuza, na wengineo. Nakala hizo zilitoka kwa rangi nyingi, zambarau ikiwamo, na hiyo si ya jua. Iliwekwa kiwandani kwa makusudi.

Daisy and Button za miaka ya 1880 ninazokutana nazo mimi ni nyeupe, kaharabu, buluu na njano ya kanari. Zambarau siioni mara nyingi. Hilo peke yake linanitia wasiwasi.

#5 Kabati_la_Bibi
Ahsante mama. Lakini nakala za Fenton na Wright nimeshika kadhaa, ni nzito na zina mafuta mafuta mkononi. Hili ni jepesi, na ncha za vijinyota zinakwaruza kidole.

#6 Fundi_Kalibu
Habari zenu. Mimi kalibu ndiyo kazi yangu, ingawa zangu ni za plastiki, na mashine za kioo nimezisoma kwa mapenzi.

Kazi ilikwenda hivi. Mtu wa kwanza anachota donge la kioo kilichoyeyuka kwa fimbo ya chuma, analining'iniza juu ya kalibu. Wa pili, ndiye mkandamizaji, analikata kwa mkasi, kisha anavuta wenzo na nyundo inashuka. Nyundo ndiyo inayotengeneza ndani, ndiyo maana ndani ni laini. Kalibu inatengeneza nje. Donge likikatwa dogo, kioo hakifiki ukingoni. Likikatwa kubwa, chombo kinatoka kinene. Jicho la mwenye mkasi ndilo lilikuwa mizani.

Mishono kukatika kabla ya ukingo ni kawaida, kwa sababu juu ya kalibu kulikuwa na pete yake peke yake iliyotengeneza ukingo. Na wengi walirudisha chombo motoni kidogo ili makali yalainike. Mishono mitatu maana yake kalibu ya vipande vitatu, basi. Haikwambii mwaka.

Kabati, uligeuze bakuli juu chini mezani, umulike mguu kwa pembeni. Je, unaona mkunjo mwembamba kama unywele, unaoonekana kama ufa lakini kucha haishiki? Hapo ndipo mkasi ulipolipoza donge kabla halijaangukia kalibu. Wenye haraka huuita ufa na kushusha bei, sisi tunanunua.

#7 Kabati_la_Bibi
Upo! Mmoja, karibu na katikati ya kitako. Nilidhani ni ufa.

#8 Boston_Man
Mnazunguka bure. Hiyo ni Sandwich. Kiwanda cha Boston and Sandwich, Cape Cod, kilichoanzishwa na Deming Jarves mwaka 1825. Ndiko kukandamiza kioo kulikobuniwa 1827. Nimetembelea makumbusho yao, vitu ni vilevile.

#9 Mama_Wheeling
Boston kaka yangu, kila bakuli lisilo na baba nchi hii linapelekwa Sandwich.

Kwanza, John Bakewell wa Pittsburgh alipata hataza ya kukandamiza vishikio vya makabati mwaka 1825. Jarves alipata ya kwake 1828. Pili, hata hao hawakuanza na karatasi nyeupe. Uingereza walikuwa wanabana miguu ya glasi na vizibo kwa koleo za kalibu tangu karne ya 18. Wamarekani walileta mashine ya wenzo na wakaitumia kwa wingi. Hilo ni kubwa, tusiliongezee chumvi.

Tatu, umemsikia Kabati? Bakuli haliimbi.

#10 Lushois_Pittsburgh
Jambo wote. Miye natoka Lubumbashi, niko Pittsburgh. Dada, kuimba kunahusu nini hapo?

#11 Mama_Wheeling
Karibu. Kioo cha zamani chenye madini ya risasi ukikigonga kinatoa mlio mrefu kama kengele ndogo, na ni kizito. Mwaka 1864 William Leighton, akiwa Hobbs, Brockunier pale Wheeling, alipata mchanganyiko mzuri wa soda na chokaa usiohitaji risasi. Ulikuwa rahisi, mwepesi, na unaganda upesi, kwa hiyo ilibidi ukandamize haraka. Viwanda vya magharibi vikaukimbilia. Sandwich na New England Glass Company waling'ang'ania risasi muda mrefu, gharama zikawatafuna. Sandwich ikafungwa 1888, na mwaka huohuo Edward Libbey akaihamisha New England kwenda Toledo, Ohio.

Kwa hiyo chombo cha kukandamizwa kisicholia kengele, mimi kwanza natazama Pittsburgh, Wheeling na Ohio.

#12 Boston_Man
Na vile vipande vilivyofukuliwa kwenye uwanja wa kiwanda cha Sandwich? Vimetoka na nakshi chungu nzima. Ushahidi wa ardhini huo mama, si maneno.

#13 Fundi_Kalibu
Boston, viwanda vilinunua vigae. Kioo kilichovunjika kinasaidia mchanga kuyeyuka, kwa hiyo tanuru la Sandwich lililishwa vyombo vilivyovunjika vya viwanda vingine. Ukifukua kigae pale, umethibitisha kwamba kigae kilifika pale.

#14 Chongo_wa_Kijiji
Yaani wanafukua takataka, halafu wanagombania takataka ni za nani. Karanga zimeisha, naongeza.

#15 Tochi_Nyeusi
Mmeanza kusahau swali la kwanza. Nauza na kununua vitu hivi, nitasema kinachoudhi wengi: zambarau nyingi sokoni zimepikwa.

Kuna watu wanachukua chombo cheupe cha zamani chenye manganizi, wanakifungia kwenye kasha lenye taa za UV za kuulia vijidudu. Wengine wanakipeleka kwenye mionzi mikali zaidi, na hapo kinatoka zambarau nzito ya kutisha. Chombo ni cha zamani kweli, rangi ni ya mwezi uliopita. Jua la dirishani huacha zambarau hafifu. Ikiwa nzito hadi huoni vidole vyako upande wa pili, weka chini uondoke.

Kabati, vidole vyako vinaonekana?

#16 Kabati_la_Bibi
Vinaonekana vizuri mwilini. Mguuni kidogo kwa shida, lakini mguu ni mnene.

#17 Tochi_Nyeusi
Basi hilo limekaa katikati, na katikati ndipo penye shida. Mpishi mwenye subira anazima taa mapema.

#18 Binti_Kibokoni
Salamu kutoka Mombasa. Nimewasoma wote, sasa na mimi nina langu. Nyanya yangu alikuwa na bilauri sita kwenye zidaka, za rangi ya machungwa zenye kumeremeta kama mafuta juu ya maji. Leo zimebaki mbili. Mjomba anasema zililetwa na meli za Wamarekani, zile zilizoleta merikani. Ni kweli?

#19 Mpemba_Halisi
Binti, meli za Salem, Massachusetts, kweli zilikuja Unguja. Mkataba wa Seyyid Said na Wamarekani ni wa 1833, balozi wao Richard Waters alifika 1837. Walileta kitambaa, wakachukua pembe na sandarusi. Lakini kumeremeta huko ni kitu cha karne ya 20. Fenton walikuwa wa kwanza kutoa vyombo hivyo Marekani mwaka 1907, pale Williamstown, West Virginia. Kufikia hapo biashara ya Salem na Unguja ilishakuwa hadithi. Mjomba amechanganya karne mbili kwenye jahazi moja.

#20 Mama_Wheeling
Nyongeza kwa Mpemba. Hivyo vinaitwa Carnival, jina ambalo lilikuja baadaye sana, eti kwa kuwa vilitolewa zawadi kwenye michezo ya maonyesho. Kumeremeta si rangi ya kioo. Chombo kikiwa bado cha moto kilipuliziwa chumvi za metali, ikabaki ngozi nyembamba. Rangi ya kioo chenyewe unaitafuta kitakoni, mahali dawa haikufika: inua juu, tazama mwanga kupitia hapo. Ikiwa kitako ni cheupe na juu machungwa, wenyewe wanaita marigold, na ndiyo iliyo nyingi kuliko zote.

#21 Lushois_Pittsburgh
Lakini si lazima ziwe za Amerika. Waingereza wa Sowerby walitengeneza, Wafini, Waswidi, Waaustralia. Na India: kule Firozabad, Jain Glass Works walikuwa na bilauri na vyombo vya maua vya kumeremeta. Mombasa na India ni mlango na ua. Mimi ningeanza huko.

#22 Binti_Kibokoni
Firozabad ya bangili? Mbona hilo linaingia akilini. Ila mjomba hatakubali, amesimulia meli hizo kwenye kila harusi. Kitako ni cheupe kweli. Chini kuna alama kama herufi, imefutika. Inaweza kuwa N.

#23 Tochi_Nyeusi
Dada, N? Ndani ya duara, na mstari chini yake? Hiyo ni nembo ya Harry Northwood wa Wheeling. Usiioshe kwa sabuni kali, usiisugue. Piga picha kwa mwanga wa pembeni.

#24 Mama_Wheeling
Tochi usimpandishe mtoto wa watu presha. Northwood alifariki 1919, kiwanda kikafa 1925, nembo ikabaki tamu kwa wenye nakala. Ziko zenye N iliyoongezwa mkia mmoja ikawa kama W iliyopinda. Wakusanyaji wa Carnival ilibidi wajitwalie haki ya ile N ili kuzuia fujo. Na Northwood mwenyewe hakupiga nembo kila kitu. Kwa hiyo yenye N inaweza isiwe yake, isiyo na N inaweza kuwa yake.

Imperial wa Bellaire, Ohio, afadhali: walipoanza kutoa tena za kale baada ya Vita Kuu ya Pili, walipiga I juu ya G. Kampuni ilipouzwa ikaongezwa L, ilipouzwa tena A. Unasoma wenye mali kama kwenye hati ya shamba.

#25 Chongo_wa_Kijiji
Swali la mjinga. Hiyo njano ya kanari inayowaka kijani kwenye tochi, nimesikia ni urani. Ile ya mabomu. Mnakaa nayo sebuleni?

#26 Mwalimu_Kemia
Ndiyo, ni urani, kiasi kidogo, mara nyingi asilimia 2 au chini. Kabatini haikudhuru. Mimi sinywei maji ya limau humo, basi. Serikali ya Marekani iliibana urani kwa viwanda vya kioo kuanzia 1943 hadi 1958 kwa sababu unazozijua.

Na Kabati, kijani cha mbali ulichokiona mguuni si urani. Urani haikuachi na shaka, inawaka kama taa ya sokoni. Kijani hafifu ni tabia ya manganizi.

#27 Kabati_la_Bibi
Sasa mwalimu, kwa nini mguu tu? Mwili hautoi kitu.

#28 Mwalimu_Kemia
Manganizi iliyokwisha kugeuka zambarau haiwaki kama ile ambayo haijageuka. Huenda mwili umegeuka zaidi kuliko mguu. Hilo linaelekea jua: bakuli lilikaa dirishani, mwili juu, mguu kivulini.

#29 Tochi_Nyeusi
Au linaelekea kasha. Taa juu, bakuli chini, mguu umekalia ubao.

#30 Mama_Wheeling
Au mguu na mwili havikutoka chungu kimoja. Bakuli nyingi zenye mguu zilikandamizwa vipande viwili vikaunganishwa vingali moto. Kabati, pale shingoni pana kifundo?

#31 Kabati_la_Bibi
Pana kitu kama pete ndogo iliyovimba, na mshono mmoja wa mguu haukutani na mshono wa mwili. Umepishana kama nusu upana wa kidole.

#32 Fundi_Kalibu
Ahaa! Mishono ikipishana, ni kalibu mbili. Hilo nakubali bila tochi.

#33 Boston_Man
Na Sandwich walikuwa wanaunganisha hivyohivyo. Nasema tu.

#34 Dada_Shinyanga
Jamani, nimekuwa kimya. Mnapowataja mafundi msiwasahau watoto. Lewis Hine alipiga picha kwenye viwanda vya kioo vya West Virginia na Indiana mwaka 1908, akiwa kwenye kazi ya kamati ya kupinga ajira ya watoto. Ni vijana wadogo, usiku wa manane, nyuso nyeusi kwa moshi. Wengine kazi yao ilikuwa kufungua na kufunga kalibu, wengine kubeba vyombo vya moto mbio kwenda kwenye tanuru la kupozea. Mimi nina sahani za enzi hizo na ninazipenda, ila nikizishika nawakumbuka wale.

#35 Fundi_Kalibu
Kweli dada. Ndio sababu kalibu ya vipande vitatu ilikuwa na mikono ya chuma mirefu: aliyeishika hakutakiwa kukaribia, na bado aliungua.

#36 Lushois_Pittsburgh
Kuna mtu aliniambia zambarau ya jua ukiitia kwenye tanuru inarudi nyeupe. Kabati ajaribu, tumalize ubishi.

#37 Mwalimu_Kemia
Inarudi kweli, joto likikaribia lile la kulainisha kioo. Lakini rangi ya taa nayo inarudi nyeupe, kwa hiyo hutakuwa umejua lolote. Kitakachobaki zambarau ni kile kilichotiwa rangi kiwandani tu. Na tanuru la jikoni halifiki huko. Litakalofanya ni kulipasua bakuli.

#38 Chongo_wa_Kijiji
Vipande mnaweza kuvizika Sandwich.

#39 Tochi_Nyeusi
😂 Chongo umetisha.

Kabati, kwa upande wa bei: watoto wa wakusanyaji hawataki makabati ya mama zao, minada imejaa. Usitazame bei wanazoomba mtandaoni, tazama zilizouzwa. Likiwa jeupe lingekuwa na wateja wengi kuliko hivi. Wakusanyaji wakali wa nakshi hawagusi zambarau ya jua wala ya taa, wanasema ni chombo kilichoharibiwa. Wanaoipenda ni wa mapambo.

#40 Dada_Shinyanga
Mimi ni wa mapambo na sina aibu. Dola 15 nalichukua hivyo hivyo.

#41 Kabati_la_Bibi
Dada bado haliuzwi. Nimeongea na yule mwenye mnada leo. Anasema marehemu alikuwa na rafu ya kioo kwenye dirisha la kusini, na bakuli lilikaa hapo tangu yeye akiwa mtoto. Aidha, kwenye boksi lilelile nimekuta kifuniko cheupe chenye vitufe hivihivi. Kipenyo kinalingana, kinakaa, lakini kinacheza kidogo.

#42 Mama_Wheeling
Kinacheza kwa sababu kimeoana na bakuli lingine. Vifuniko ni wajane, wanaolewa upya kila mnada. Hesabu vijinyota kati ya kitufe na kitufe kwenye kifuniko na kwenye bakuli. Kama havilingani, huenda ni viwanda viwili.

#43 Tochi_Nyeusi
Na mwenye mnada atakosaje hadithi ya dirisha? Mimi nimeuziwa dirisha hilohilo kwenye majimbo manne.

#44 Mwalimu_Kemia
Kifuniko kiweke chini ya tochi kabla ya yote. Kikiwaka kijani hafifu, kina manganizi, na kilikuwa kabatini wakati bakuli liko dirishani. Hadithi itakuwa na miguu.

#45 Kabati_la_Bibi
Kinawaka, mwalimu. Zaidi kidogo ya mguu. Vijinyota ndio nahesabu, macho yananisaliti.

#46 Mama_Wheeling
Jumamosi naenda Newark, Ohio, kwenye makumbusho ya Heisey, kiwanda cha kioo cha zamani, hapo saa moja tu kutoka kwako. Heisey hawahusiki na bakuli hili, lakini pale huwa hapakosi wazee waliotazama mishono maisha yao yote. Lete bakuli na kifuniko, kila kimoja kwenye taulo lake. Binti Kibokoni, tunangoja picha ya hiyo N.

#47 Binti_Kibokoni
Mjomba amezificha bilauri. Anasema mnataka kumharibia meli yake.